Jozi Isiyokauka

Kaeni vizuri. Mwenye viatu vilivyolowa avivue, akaviache nje ya mlango, na asiniulize kwa nini. Tukimaliza atajua mwenyewe.

Kulikuwa na fundi viatu, watu walimwita Gundi. Mtu akikwambia kuna fundi mwingine anayemfikia Gundi, muulize kama huyo fundi ana mikono. Gundi alikuwa anachukua soli iliyokufa, iliyozikwa, iliyofanyiwa hadi arobaini, anaishona mpaka inafufuka inaomba maji. Duka lake lilikuwa pale lami inapokatikia na njia ya mlima inapoanzia. Alishona viatu, na alikodisha buti kwa watu wanaopanda kwenda kuona ziwa.

Ziwa lenyewe liko juu kule. Juu kiasi kwamba ndege wakifika wanashuka wanatembea kwa miguu. Unaondoka alfajiri, unafika jua likiwa utosini, unakula ulichobeba, unateremka mbio kabla giza halijakukuta. Ni safari ya siku moja, ila magoti yako yataisimulia mwaka mzima. Mimi nimeipanda mara nyingi kuliko ukungu wenyewe, na nawaambia mlima ule hauna adabu, haumjui mkubwa wala mdogo.

Jioni watu wakirudisha buti, Gundi alikuwa na utaratibu wake. Anafuta tope, anakung'uta changarawe, halafu anaunganisha kamba ya kushoto na ya kulia kwa fundo moja alilolibuni mwenyewe, na kutundika jozi kwenye msumari juu ya jiko la mkaa. Fundo lilikuwa na kazi yake. Jozi zisitengane, na wateja wenye mikono mirefu wasijihudumie. Hakuna aliyeweza kulifungua ila yeye. Kuna mwizi mmoja alijaribu kwa meno, akaacha meno.

Basi asubuhi moja binti yake alikuwa anafagia duka, akakanyaga maji.

"Baba, paa linavuja?"

"Livuje nini, mama? Mvua yenyewe tumeisahau sura."

Binti akatazama juu. Buti zote zilikuwa zimekauka kama mkate wa juzi, isipokuwa jozi moja ya pembeni. Buti ndogo, za kahawia, za mwanamke. Tone lilikuwa linakusanyika taratibu kwenye ncha ya buti, linaning'inia, linadondoka. Halafu jingine.

Gundi aliliona. Akachukua kitambaa, akafuta sakafu kimya kimya, akarudi kwenye cherehani.

Zilikuwa buti za mke wake.

Huyo mke walimwita Kiberiti. Mfupi, mwembamba, na ukimkwaruza tu anawaka. Alikuwa anaongoza wageni mlimani, na wanaume wenye vifua kama makabati walikuwa wanamfuata nyuma wanahema, wanamwomba, "Dada, tupumzike kidogo." Anawajibu, "Pumzikeni, kaka zangu, kitanda mtakikuta nyumbani." Ukungu ukishuka alikuwa anawakusanya kwa mluzi, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Ukisikia ule mluzi unajua uko salama.

Siku yake ya mwisho ukungu ulishuka ghafla. Akawateremsha wageni wote mpaka chini ya miamba, ndipo mmoja akasema amesahau begi ziwani. Kiberiti akasonya, akageuka kulifuata. Walimsubiri. Walisikia mluzi mara moja, mrefu peke yake. Ule mfupi haukuja.

Waongozaji wenzake walipanda wakatafuta mpaka wakachoka. Hawakupata mtu. Walipata buti tu, ukingoni mwa ziwa, juu ya jiwe bapa, zimepangwa sawasawa kama za mtu anayeingia ndani kwa watu, na soksi zimekunjwa ndani yake. Wakazishusha, wakaingia nazo dukani vichwa vimeinama, wakamkabidhi.

Sasa sikilizeni hapa. Mikono ya kazi haina akili ya msiba. Gundi alipokea zile buti huku analia, na huku analia mikono yake ikafuta tope, ikakung'uta changarawe, ikaunganisha kamba, ikapiga fundo, ikatundika. Kama alivyofanya kwa buti za watu wote tangu awe fundi. Hakujua amefanya nini. Watu walikuwa wengi pale dukani, na hakuna aliyemwambia acha.

Tangu siku ile ya maji, jozi ile ilikataa kukauka. Gundi akasogeza jiko chini yake mpaka ngozi za buti za pembeni yake zikaanza kupasuka, yenyewe inadondosha. Akaitoa juani, jua lile la kukaanga mawe, yenyewe inadondosha. Na maji yale yalikuwa na harufu. Harufu ya jiwe lililofunikwa muda mrefu, na majani yaliyooza chini ya barafu. Wateja wakawa wanaingia wanakunja pua.

"Fundi, umefuga samaki?"

"Nimefuga mjomba wako," anawajibu, na anacheka. Lakini kicheko kilikuwa kinaishia kwenye meno.

Halafu mluzi ukaanza. Saa za mchana, ukungu ukishuka kutoka mlimani na kuziba dirisha, ulisikika mluzi mrefu. Ule mfupi hausikiki. Ukisikiliza unadhani uko juu mbali, ukitega sikio vizuri unagundua uko humuhumu, pale ukutani, ndani ya kiatu.

Gundi angevumilia. Nawaambia ukweli, angevumilia hata duka lingejaa maji mpaka dirishani, kwa sababu moyoni alikuwa anafurahi. Mtu akifiwa hachagui mlango wa kuingilia mgeni. Lakini siku moja alitoka kununua misumari, aliporudi akamkuta binti yake amekaa sakafuni chini ya zile buti, amevua viatu, miguu imelowa mpaka kwenye vifundo, na midomo imekuwa ya bluu.

"Mama, unafanya nini?"

Binti akaweka kidole mdomoni. "Shh. Anaongea."

"Nani?"

"Si unajua." Akanong'ona, "Anasema miguu inamuuma kwa baridi. Anasema nimpelekee buti zake. Nizivae, nipande nazo, nisikwambie." Akamtazama baba yake, machozi yanamtoka bila kulia. "Nimejaribu kufungua fundo, baba. Kucha zimevunjika. Nisaidie kufungua."

Gundi akatazama vidole vya mwanawe, vinavuja damu. Akatazama miguu yake, midogo, myembamba, saizi ileile ya mama yake. Hapo ndipo furaha ilipomtoka, ikabaki hofu.

Akamfuata Mama Pamba. Mama Pamba kazi yake kushona magodoro, na uganga ni wa kupitishia muda, lakini kuna majini wanaoliona godoro lake tu barabarani na kuvuka upande wa pili. Alikuja na sindano yake ndefu imechomekwa kwenye kilemba. Akanusa. Akagusa tone, akalionja kwa ncha ya ulimi, akatema nje ya mlango.

"Wewe Gundi," akasema, "nani alikwambia umfunge marehemu?"

"Sikumfunga, mama. Nilifunga buti."

"Alikuwa anaondoka. Kavua viatu vizuri, kakunja soksi, mtu anayeaga anafanya nini tena? Wewe ukachukua kamba, kushoto na kulia, ukapiga fundo lako la majivuno. Sasa mguu mmoja uko kule, mmoja uko hapa. Na lile jini la ziwani lililomchukua limeona kamba, linateremka nayo mpaka hapa."

"Kwa hiyo sauti ile ni yake au ni ya jini?"

"Jini hana sauti. Anakodi. Kama watu wanavyokodi buti kwako, anavaa ya mtu, anatembea nayo."

"Basi siyo yeye."

Mama Pamba akachomoa sindano kwenye kilemba, akaigeuzageuza vidoleni. "Mwanangu, mimi nashona magodoro. Pamba ikishachanganyika na sufi, sijui kuzitenganisha. Ninachojua, buti zinataka miguu, na miguu inayozitosha ni ya huyu mtoto. Aliyefunga ndiye atakayefungua. Kesho upande mwenyewe, mchana kweupe, ufungue palepale alipozivua, uzitupe majini. Chochote kitakachokuita, usikijibu. Na kisirudi kitu. Hata uzi."

Mnajua Gundi hajawahi kufika ziwani? Mtu aliyevisha miguu ya dunia nzima, mwenyewe hajawahi kuvuka ule mwamba wa kwanza. Kiberiti alikuwa anamtania. "Mume wangu ni kama kengele ya shule, anawatuma watu darasani, yeye hajui kusoma." Naye anajibu, "Siku ukinibeba nitapanda."

Alfajiri akamwacha binti kwa Mama Pamba, akapanda, buti za mkewe zinaning'inia shingoni, moja upande huu, moja upande huu.

Msitu wa chini ulikuwa mizizi mitupu, mizizi kama mikono ya watu waliozikwa hawajaridhika. Magoti yakaanza kulalamika mapema. Juu ya msitu kuna mawe yaliyopangana kama ngazi aliyojenga mlevi, unainua mguu mpaka goti linagusa kidevu. Juu ya mawe ni changarawe, unapanda hatua, unarudi nusu yake. Hewa ikawa nyembamba. Kila alipohema alisikia kama anavuta pumzi kupitia tundu la sindano. Na buti shingoni zikawa zinazidi uzito. Mwanzo zilikuwa buti. Kwenye miamba zikawa matofali. Kwenye changarawe zikawa mtoto, mtoto aliyelala anayebebwa mgongoni. Maji yakawa yanamtiririka kifuani, ya baridi, kwa mdundo uleule wa pale dukani.

Ukungu ukashuka. Mluzi ukasikika nyuma yake, mrefu. Hakugeuka.

Akaendelea kupanda, na sasa hakuona hata mikono yake mwenyewe, anashika jiwe kwa kupapasa, anasikia nyuma yake changarawe zinasagika chini ya miguu isiyovaa kitu, hatua nyepesi, hatua za mtu mfupi anayeijua njia, zikisimama anaposimama, zikianza anapoanza, na ile harufu ya jiwe na majani yaliyooza ikamjia puani imechanganyika na harufu nyingine aliyoijua kuliko jina lake, harufu ya mafuta ya nywele ambayo mkewe alikuwa anapaka kabla ya safari, mpaka akajikuta anapanda huku analia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni, na miguu ile nyuma inamfuata polepole, inamsubiri, kama mwongozaji anavyomsubiri mgeni aliyechoka.

Halafu njia ikaisha na ukungu ukafunguka, akaliona ziwa.

Mimi nimeona mengi, lakini ziwa lile hulitazami, linakutazama. Jeusi, duara, halina wimbi. Mawingu yanapita juu yake na hayaonekani ndani yake. Jiwe bapa lilikuwa pale ukingoni, na juu ya jiwe kulikuwa na alama za nyayo zilizolowa, ndogo, zimetoka majini, zimesimama, hazikuendelea.

Gundi akapiga magoti, akazivua buti shingoni, akaziweka juu ya zile nyayo. Zikaenea sawasawa. Akaanza kufungua.

Fundo lilikuwa limevimba kwa maji, limekuwa gumu kama kokwa. Akalisukuma kwa kidole gumba. Akazungusha kamba moja kwenye kiganja ili apate nguvu ya kuvuta.

"Gundi."

Sauti ilitoka nyuma ya bega lake la kulia. Wala haikuwa ya kutisha. Ilikuwa kavu kidogo, yenye haraka, kama sauti ya mtu aliyeingia jikoni.

"Gundi, umepanda? Wewe? Na hayo magoti?"

Akauma mdomo. Akavuta kamba.

"Kile kitasa cha mlango wa nyuma umekitengeneza, au bado unakifunga na waya?"

Bado alikuwa anakifunga na waya. Mzunguko wa kwanza wa fundo ukalegea.

"Mtoto analala vizuri? Usimwache alale bila kujifunika, anapiga mateke." Maji yakagusa jiwe, tap. "Nimechoka, mume wangu. Huku hakuna pa kukaa."

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, machozi yanadondoka juu ya kamba zilizokwisha lowa, na alikuwa anajua, anasema mwenyewe alikuwa anajua kama anavyojua ngozi na plastiki, kwamba ile inaweza kuwa sauti ya kukodi tu, kwamba nyuma yake pengine kumesimama kitu ambacho akigeuka hatashuka tena, lakini alijua pia kwamba katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi hata siku moja kuulizwa swali na yule mwanamke akaacha kumjibu, na sasa anamnyamazia, mara ya kwanza, mara ya mwisho, na anamnyamazia akiwa ameshika kamba za viatu vyake.

"Gundi," ikasema, chini kabisa, "umekula?"

Hakujibu. Akavuta kwa nguvu zote, kitu kikakatika mkononi, fundo likafunguka. Akanyakua buti, kushoto akarusha, kulia akarusha. Hazikutoa mlio. Ziwa lilizipokea kama mtu anayepokea mtoto aliyelala.

Ukasikika mluzi. Mrefu. Halafu, baada ya muda, mfupi.

Alipogeuka hapakuwa na mtu. Nyayo juu ya jiwe zilikuwa zinakauka.

Akateremka kabla jua halijaanza kuinama. Kwenye zile ngazi za mawe ndipo ganzi ilipoanza kumtoka mkononi, akahisi kitu kinambana. Akafungua kiganja. Kipande cha kamba ya kahawia kilikuwa bado kimezunguka hapo, kimekatikia pale kwenye tundu la buti. Urefu wake kama wa kidole na nusu. Kikavu kabisa.

Kisirudi kitu. Hata uzi.

Jua lilikuwepo. Nguvu ilikuwepo, maana Gundi, pamoja na magoti yake, ni mwanaume wa chuma, na angeweza kupanda tena akakitupa. Alikaa kwenye jiwe. Alikaa pale muda mrefu, kipande kiko kiganjani, anasikiliza upepo. Mwisho akakikunja, akakitia mfuko wa shati, upande wa moyo, akafunga kifungo.

Nyumbani alimkuta binti anakula, rangi imemrudi, anagombana na Mama Pamba kuhusu chumvi. Duka lilikuwa kavu. Mama Pamba akamtazama Gundi usoni.

"Umezitupa zote?"

"Zote, mama."

"Hukujibu?"

"Sikujibu."

Na hilo lilikuwa kweli. Mama Pamba akaondoka anaimba.

Kabla wiki haijaisha, Gundi alimfungashia binti sanduku. Ampeleke mjini kwa shangazi yake, akasome ushonaji, akae hukohuko.

"Baba, nimekukosea nini mpaka unanifukuza?"

"Sikufukuzi, mama."

"Basi nibaki. Nani atakufagilia duka?"

"Nitafagia."

"Wewe? Ufagio wenyewe hujui upande wa kushika." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Likizo nitakuja?"

Gundi alikuwa amepiga goti chini, anamfunga mwanawe kamba za viatu, mtu mzima yule, kama alivyokuwa anamfunga zamani. Alimfunga kwa fundo la kawaida, linalofunguka kwa kuvuta tu.

"Mimi ndiye nitakuja kukuona," akasema. "Wewe huku usije tena."

Binti akapanda gari. Gundi akasimama pale lami inapokatikia mpaka vumbi likatulia, kisha akaingia dukani, akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akachukua kipande cha kamba, akakitundika kwenye msumari wa pembeni.

Haya yote alinisimulia mwenyewe, maana hakuna mtu eneo lile anayejua kusikiliza kama mimi. Nilipitia kwake majuzi, soli imefunguka mdomo. Kiangazi kikali, hata mijusi inatafuta kivuli. Nikaona kwenye msumari wa pembeni hakuna kiatu, kuna kauzi tu kamekunjwa. Na chini yake, sakafuni, beseni.

"Fundi," nikamuuliza, "beseni la nini?"

"Paa linavuja," akasema, na akaendelea kushona.

Nikachungulia. Lilikuwa limefika nusu.

Mimi si mtu wa kuogopa, hata simba ananijua kwa sura. Lakini siku hiyo niliiacha soli yangu palepale, nikatoka kinyumenyume na kiatu kimoja mguuni. Nilipofika mlangoni ukungu ulikuwa umeanza kushuka dirishani, na cherehani ilikuwa imesimama. Nikamsikia anaongea, taratibu, kama mtu aliyeulizwa kitu jikoni na mwenzake.

"Nimekula, mke wangu," akasema. "Wewe je?"